Magunia ya Karo

Gunia la mahindi halibebwi na mtu mmoja. Hilo Lumakanda kila mtu analijua. Mmoja hushika pembe za huku, mwenzake pembe za kule, mnavuta pumzi pamoja na kuinua pamoja. Kwa hiyo kama ungemwona Winrose Jumanne ile ya Januari, mwaka wa tisini na tano, amelikumbatia gunia peke yake na kulihamisha ndani ya stoo kama aliyebeba mto wa kulalia, usingehitaji kuambiwa kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa magunzi. Ndani ya gunia lile hamkuwa na mahindi ila safu moja tu ya juu, ya kudanganyia macho. Chini yake yalijaa magunzi matupu, yale yale anayowashia moto jikoni. Na halikuwa moja. Yalikuwa manne, yote ameyashona mdomo kwa mkono wake, na yote yana neno KARO ubavuni.

Sasa ngoja umjue huyu mwanamke, usije ukamhukumu kabla ya wakati. Winrose alikuwa mke wa Protus, na kanisani walimwita Mama Metrine, kwa jina la binti yao mkubwa. Alikuwa mtu wa mpango. Kila mavuno yalipoisha alichukua kipande cha mkaa akaliandika kila gunia kazi yake. Manane ya chakula yalipewa majina ya miezi, kuanzia Januari hadi Agosti, mahindi mabichi yanapoanza kuiva. Mengine yaliandikwa MBOLEA, mengine FUNGU LA KUMI, na mwaka huo sita yaliandikwa KARO, kwa sababu Metrine alikuwa ameitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Gunia likishaandikwa halikuwa na mjadala. La Machi halikuguswa Februari, hata aje mgeni gani.

Wanawake wa ushirika wa kanisa walimwiga, wakaacha kulia njaa mwezi wa tano. Yeye ndiye aliyewaanzishia pia desturi ya kuombea stoo. Kila Jumatano ya Januari waliingia stoo ya mmoja wao, kila mtu akaweka mkono juu ya gunia, mwenye nyumba akataja mbele za Mungu kazi ya kila moja, kisha wakaomba lisiibiwe, lisiingiwe na mdudu dumuzi, wala lisiliwe kabla ya siku yake. Ni desturi nzuri. Winrose aliipenda kuliko sikukuu zote za kanisa, mpaka Januari hiyo. Kesho yake, Jumatano, zamu ilikuwa ya stoo yake.

Mkono wa mwanamke wa Lumakanda hauhitaji macho kujua kilichomo guniani. Mahindi ni mazito, yametulia, ukibonyeza yanakupa ubaridi. Magunzi yanabonyea na kulia. Basi ndiyo sababu Jumanne hiyo alikuwa akiyahamisha yale manne nyuma kabisa, ukutani, akitaka kuyapanga MBOLEA mbele yake ili mkono wa mtu usifike.

Aliposikia kikohozi cha Protus mlangoni, akaliachia gunia na kulikalia. Magunzi yakalia chini yake. Akajifanya anakohoa.

"Mama Metrine, uko hapa unafanya nini?"

"Nafagia."

Protus alitazama sakafu, akatazama mikono yake isiyo na fagio, lakini hakuwa mtu wa kuchunguza. Mambo ya stoo alikuwa amemwachia mkewe tangu walipooana, na alijivunia hivyo. Wanaume wenzake wakilalamika sokoni kwamba wake zao wanauza mahindi kisirisiri, yeye alicheka tu.

"Nimepatana na Jamal," alisema. "Anakuja kesho saa nane na pikapu, achukue ile ya karo yote sita. Alhamisi naenda kulipa shule."

Jamal alikuwa mnunuzi wa mahindi kutoka Mumias, mtu wa swala tano, asiyepunja mizani. Winrose alishika mdomo wa gunia alilokalia.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama wewe unajua anakuja. Nikamwambia, sasa wewe Jamal, hiyo stoo ni ya nani?" Protus akacheka. Kisha akanyoosha kidole. "Lakini mbona KARO umepeleka nyuma? Wamama wakikuja kesho, nataka hiyo iombewe kwanza. Toka nikusaidie kuivuta."

"Wacha!" Neno lilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Wacha, Baba Metrine. Nitaita msichana tusaidiane. Wewe mgongo unakuumanga."

"Haya. Na mimi kesho nitaingia kwa maombi."

"Wewe? Hujawahi kuingia."

"Hii ni ya mtoto," alisema Protus, akaondoka.

Winrose alibaki amekaa pale pale. Aliogopa. Hakuwahi kumwogopa mume wake, maana Protus hakuwa mtu wa kuinua mkono, na sasa aliona ingekuwa afadhali angekuwa. Kichapo kinaisha. Ile imani yake kwake, ikivunjika, angeishona kwa sindano gani?

Yote yalianzia Krismasi ya mwaka wa tisini na tatu, kule Malinya, nyumbani kwa wazazi wa Protus. Patroba, mdogo wake Protus anayefanya kazi Nairobi, alikuja na mke wake. Baada ya chakula, mbele ya wakwe na majirani, mwanamke huyo alifungua begi akaanza kumtolea Winrose nguo zake kuukuu. "Chukua, huko shambani zitakufaa." Halafu akamtolea Protus koti la zamani la Patroba. Mikono ya koti ilimfika Protus chini kidogo ya viwiko. Watu wakacheka. Protus naye akacheka, akashukuru, akalivaa siku nzima. Winrose hakucheka. Aliusukuma kando wali wake, akaapa moyoni kwamba Krismasi ijayo watakuja kwake Lumakanda, na wataona.

Wakaja, na wakaona. Wiki moja kabla ya sikukuu, Protus akiwa Malinya kwenye matanga, Winrose alimwita Jamal akamuuzia magunia manne ya KARO. Jamal alisita, kidole kikiwa juu ya maandishi ya mkaa. "Mama, hii imeandikwa."

"Aliyeandika ni mimi," alimjibu.

Akaenda Eldoret. Alinunua mapazia, vikombe vipya, mchele wa kunukia, mafuta, na kreti za soda ambazo alizipanga sebuleni pale mtu anapoingia. Kila mgeni aliondoka na leso, na mke wa Patroba alipewa mbili. Kuku walichinjwa mpaka majogoo wa jirani wakanyamaza. Na Protus akapata koti jipya, la kijivu, zito, lenye bitana inayoteleza.

Siku ya Krismasi, kanisani, Protus alisimama. Mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kufungua mdomo katika ibada alisimama na koti lake, akanyoosha mikono watu waone linavyofika kwenye vifundo. "Namshukuru Mungu kwa koti," alisema. "Na kwa mke anayejua kuweka." Akaketi. Wanawake walifuta macho. Winrose alilia pia, na wote walidhani ni furaha.

Usidhani hakuwa na mpango. Alikuwa nao, ni mtu wa mpango. Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha wanawake ilikuwa mwanzoni mwa Januari. Angezipokea, angenunua magunia manne ya mahindi, angeyarudisha, na magunzi yangerudi jikoni bila mtu kujua. Akamwomba Mungu asimamie hilo, kana kwamba Mungu ni mshirika wake katika biashara. Kisha siku ya Mwaka Mpya nyumba ya mjane mmoja wa ushirika ikaungua, na kwenye mkutano wa chama watu wakakaa kimya wakimtazama Winrose, kwa sababu zamu ilikuwa yake na yeye ndiye mwalimu wao. Angesema nini? Akasimama. "Apewe yeye," alisema, na wote wakapiga makofi. Hayo makofi yalimuuma kuliko kofi la shavu.

Jumanne hiyo jioni, kwenye chakula, alitaka kusema. Alifungua mdomo mara kadhaa. Pembeni lilikuwa sanduku la bati la Metrine, jipya, limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Protus alimega obusuma, ugali wa kwao, akalitazama lile sanduku, akasema, "Mimi niliachia darasa la sita. Huyu ataniandikia barua hata kwa Kizungu." Winrose akafunga mdomo.

Jumatano wanawake walifika jua likiwa limepanda. "Bwana asifiwe, Mama Metrine!" "Asifiwe, karibuni." Walikuja na nyuso zao za sikukuu, na kiongozi wao alikuwa Mama Kiplagat, jirani Mnandi, mwanamke mzee mwenye sauti ya chini ambayo watu huinyamazia. Walikunywa chai, wakasifu mapazia. Kisha wakaingia stoo wakiimba, wakajibana kati ya magunia, na harufu ya mahindi makavu na vumbi ikawafunika.

Protus aliingia mwisho. Alikuwa amevaa lile koti, joto la mchana lote hilo, na amelifunga vifungo. Na kabla ya kuanza alifanya jambo ambalo Winrose hakulitegemea. Aliyavuta MBOLEA mawili kando, akiyasukuma kwa nguvu zake zote, akafungua njia hadi ukutani. "Nilisema KARO iwe mbele," alisema kwa upole.

Kila mwanamke akaweka mkono. Mama Kiplagat alikuwa karibu na mawili ya KARO yaliyokuwa mazima, mkono wake ukaangukia hapo. Winrose akashukuru kimoyomoyo kwa haraka haraka, akaona haya kwa kushukuru. Macho yakafumbwa. Kwa desturi, mwenye nyumba ndiye anayetaja.

"Bwana," alianza, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "hili ni la Januari, ni la kula. Hili ni la Februari." Alitaja miezi mmoja baada ya mwingine, polepole, akiivuta, kama mtoto anayetumwa mahali asipotaka kufika. Wanawake waliitikia, "Ndiyo, Bwana." Akataja MBOLEA. Akataja FUNGU LA KUMI. Yakabaki KARO.

Akanyamaza.

"Taja, mama," alinong'ona Mama Kiplagat, macho yamefumbwa.

Winrose alifumbua macho. Wote walikuwa wameinamisha vichwa isipokuwa Protus, aliyekuwa amesimama mbele ya magunia manne ya ukutani, mikono ameiinua kifuani, akisubiri. Alikuwa anangoja kazi ya gunia itajwe ndipo aweke mikono, kama alivyosikia kwamba ndivyo inavyofanywa. Hakutaka kukosea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia nyumba ya Mungu amevua viatu. Winrose alimtazama, na akampenda, na akajichukia, yote kwa mara moja. Angesema "karo", mikono ile ingeshuka. Angenyamaza, ingeshuka tu.

"Usishike," alisema.

Vichwa vikainuka.

"Baba Metrine, usishike. Bwana, hii ni magunzi." Alikuwa bado anaomba, au anasema na mumewe, hata mwenyewe hakujua. "Hii nne yote ni magunzi. Niliuza mahindi kabla ya Krismasi. Mimi. Hakuna mwizi."

Mwanamke mmoja aliguna, akaziba mdomo. Protus alishusha mikono juu ya gunia lililokuwa karibu, akabonyeza, na stoo nzima ikasikia magunzi yakilia. Akavuta uzi wa mdomo wa gunia mpaka ukakatika. Mahindi kidogo yalimwagika, halafu magunzi yakaporomoka, yakabingirika kati ya miguu ya wanawake, na hakuna aliyeondoa mguu.

"Mahindi iko wapi?" aliuliza Protus.

Winrose alijua majibu mengi. Mapazia, mchele, soda, leso mbili za mke wa Patroba. Lakini lililomtoka lilikuwa hili: "Ingine umevaa."

Protus alijitazama. Alijitazama kwa muda mrefu, kuanzia mikono mpaka pindo, kana kwamba mtu amemwambia ana nyoka mwilini. Kisha akaanza kufungua vifungo. Kimoja kilimkatalia, vidole vikawa vinateleza, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alilivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia lililobonyea. Akabaki na shati lake la kazi, lenye kiraka begani.

"Hii koti ni gunia ngapi?"

"Moja na nusu," alisema Winrose, machozi yakimshuka.

"Ungeniuliza," Protus alisema. "Mimi lile la Patroba lilinitosha."

Hapo ndipo Winrose alipolia kwa sauti. Alikuwa ameuza karo ya mtoto ili kumwondolea mumewe aibu, na aibu hiyo mumewe hakuwahi kuwa nayo. Ilikuwa yake peke yake.

Wanawake walitazamana. Wengine walianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, maana kuna mambo ya nyumba ya mtu ambayo jirani hapaswi kuyashuhudia. Mama Kiplagat hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado juu ya gunia.

"Mtaenda wapi?" aliwauliza. "Maombi haijafungwa."

Wakarudi. Lakini nani angefunga? Winrose hakuweza. Mama Kiplagat akamgeukia Protus, akamngoja. Protus alitikisa kichwa, akaangalia magunzi sakafuni. Mwishowe akaweka mkono juu ya koti.

"Bwana," alisema, "mimi sijuangi kuomba mbele ya watu. Krismasi nilikushukuru juu ya hii koti. Nilisimama kwa kanisa nikasema ni wewe umenipea. Kumbe haikuwa wewe. Ilikuwa karo ya mtoto." Akalinyoosha koti kwa kiganja. "Sasa ile asante yangu, naomba uitoe kwa koti, uiweke kwa karo. Amina."

"Amina," walisema, na Mama Kiplagat akalirudia peke yake.

Walipotoka nje hakuna aliyeaga kwa kelele. Mwanamke mmoja kijana alimshika Winrose mkono, akauachia, akawafuata wenzake. Winrose alibaki akiokota magunzi na kuyarudisha guniani, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Protus alichukua kipande cha mkaa kutoka dirishani. Alikwenda kwenye magunia ya chakula, akafuta kwa kiganja neno MEI na kuandika KARO, kwa herufi zake kubwa za darasa la sita. Akafuta JUNI. Akafuta JULAI. Kwenye AGOSTI alisimama kidogo, kisha akafuta.

"Kuanzia Mei tutakula nini?" Winrose aliuliza kwa sauti ndogo.

"Viazi. Na ukikosa viazi utauza mapazia." Hakumgeukia. "Koti nitapeleka soko Jumamosi."

"Baba Metrine, nisamehe."

Alisubiri. Protus alipangusa mkaa kwenye suruali. Hakusema amesamehe, wala hakusema hatasamehe, na Winrose alielewa kwamba hilo nalo halina njia ya mkato.

Honi ya pikapu ilisikika barabarani, kabla hata ya saa nane. Jamal aliingia uani akisema salamu yake, akasimama mlangoni pa stoo. Aliona magunzi, akaona koti, akaona shati lenye kiraka. Akainamisha macho na kwenda kufungua mlango wa nyuma wa gari lake bila kuuliza kitu.

Metrine alikuwa ametumwa kisimani, na uani hakukuwa na mwanamume mwingine isipokuwa Jamal, aliyekuwa tayari amepanda juu ya pikapu kupokea. Protus aliinama kwenye gunia lililokuwa la Mei. Akalishika pembe mbili, akajaribu kulivuta peke yake, likakataa. Alisimama hivyo, mgongo umepinda, kwa muda ambao Winrose aliuona mrefu kuliko Januari nzima.

"Mama Metrine," alisema bila kuinua kichwa. "Shika upande huo."

Winrose alifuta mikono kwenye leso, akashika. Wakavuta pumzi pamoja, wakainua. Lilikuwa zito.